Nani aliwazuia nyumbu wasizidi kuongezeka?

Msomaji ameniandikia hivi: "Nimesoma kwamba nyumbu wa Serengeti walikuwa kama robo milioni mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakapanda hadi kupita milioni moja, kisha wakasimama hapo hapo mpaka leo. Kama wanalindwa, na majike wanazaa kila mwaka, mbona hawafiki milioni tatu au nne? Ni simba? Ni ugonjwa? Au uhifadhi umeshindwa? Wenzangu wengine wanasema wapunguzwe kwa risasi kabla hawajamaliza nyasi. Naomba ufafanuzi."

Nianze na jibu fupi. Nyumbu wamezuiwa na wingi wao wenyewe. Chakula cha kiangazi kimebaki karibu kile kile, walaji wamekuwa mara tano, na fungu la kila mmoja limepungua hadi kufikia mahali ambapo wanaozaliwa na wanaokufa wanalingana. Simba wamo kwenye hesabu, ila kwa nyumbu wanaohama mchango wao ni mdogo kuliko watu wanavyodhani. Ugonjwa ulianzisha hadithi hii, lakini sio unaoiendesha sasa. Kuhusu uhifadhi na risasi nitafika, maana huko ndiko wengi wanakokosea.

Sasa kwa kirefu, kwa sababu ukilipokea jibu hilo kavu kavu utalikataa siku utakapoona simba wamelala pembeni ya mzoga.

Sotoka, ugonjwa wa virusi unaoua ng'ombe na jamaa zake wanaocheua, iliingia Afrika Mashariki karibu na mwaka 1890, ikiletwa na mifugo, ikafyeka ng'ombe, nyati na nyumbu. Haikuondoka baada ya pigo hilo la kwanza. Kwa zaidi ya nusu karne iliendelea kurudi na kuua ndama waliokwisha kupoteza kinga waliyoipata kwa mama zao. Miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ng'ombe waliozunguka Serengeti walichanjwa kwa wingi, na kufikia mwaka 1963 hivi ugonjwa ukawa umetoweka kwa wanyamapori. Hakuna nyumbu hata mmoja aliyedungwa sindano. Ilitosha kuufunga mlango ambao virusi vilikuwa vikipitia. Mwaka 1961 nyumbu walikadiriwa kuwa 260,000 hivi. Mwaka 1977 walikuwa wamefika takriban milioni 1.3.

Kuna shahidi mmoja ninayempenda sana katika kesi hii, naye ni pundamilia. Hacheui, kwa hiyo sotoka haimgusi. Anaishi nyika ile ile, anahama njia zile zile, anawindwa na simba na fisi wale wale. Muda wote nyumbu walipokuwa wakipanda kwa kasi, pundamilia walibaki karibu na 200,000. Kama ongezeko la nyumbu lingetokana na mvua peke yake au na ulinzi peke yake, pundamilia nao wangepanda.

Kisha nyumbu wakasimama. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 sensa zimekuwa zikitoa namba zinazozunguka milioni 1.2 hadi 1.4, isipokuwa baada ya ukame mkali wa 1993 waliposhuka chini ya milioni moja. Angalia kilichofuata: walipanda tena, wakarudi karibu na pale pale. Idadi inayoshuka ikipigwa, kisha ikajirudisha yenyewe mahali ilipokuwa, lazima ina kitu kinachoivuta. Kama ingekuwa inasukumwa huku na huko na bahati tu, leo ingeweza kuwa laki tano au milioni tatu.

Kitu hicho hukioni msimu wa mvua. Ukifika nyanda za kusini mwezi wa pili, ndama wengi wakiwa wamezaliwa ndani ya wiki tatu hivi, nyasi fupi zimejaa kila upande na utaapa kwamba nchi ile ingebeba mara tatu ya wale. Hesabu halisi hufanyika kiangazi, kati ya mwezi wa saba na wa kumi, nyumbu wakiwa wamesukumwa kaskazini hadi Mara. Nyasi ndefu kavu zipo kwa wingi hata wakati huo, ila protini imezikimbia. Mnyama anaweza kujaza tumbo na bado akakonda. Anachokitafuta ni machipukizi ya kijani, na machipukizi yanategemea mvua zinazodondoka katikati ya kiangazi. Ndiyo maana watafiti hawakuhangaika na mvua ya mwaka mzima. Walichukua nyasi za kijani za kiangazi, wakagawa kwa idadi ya midomo. Miaka ya 1971 hadi 1976 mvua za kiangazi zilikuwa nzuri kuliko kawaida, na ndiyo iliyowapa nyumbu ngazi ya mwisho ya kupandia.

Simon Mduma, Anthony Sinclair na Ray Hilborn walichapisha mwaka 1999 uchambuzi wa kumbukumbu za miaka 40 za nyumbu hao. Karibu robo tatu ya vifo walivyovichunguza vilitokana na lishe duni. Mtu anaweza kuuliza: watajuaje, wakati mzoga umeshatafunwa na fisi?

Wanajua kwa kuvunja mfupa. Mnyama mwenye njaa hutumia akiba yake kwa utaratibu: kwanza mafuta ya chini ya ngozi, kisha mafuta yanayozunguka figo, na mwisho kabisa mafuta yaliyomo ndani ya uboho. Mtafiti anayefika kwenye mzoga huutafuta mfupa wa paja, ambao fisi huwa hajauwahi, na kuupasua kwa shoka. Uboho wa mnyama mwenye afya ni mweupe, mgumu, umekaza kama mafuta yaliyoganda. Wa mnyama aliyemaliza akiba ni mwekundu au wa manjano, unapitisha mwanga, unatetemeka na kuchuruzika ukiuinamisha mfupa. Ukishaona hivyo, umeshajua kwamba mnyama huyu alikuwa na siku chache za kuishi, awe aliangukia kichakani peke yake au aliangushwa.

Hapo ndipo simba wanapoingia. Sinclair na Peter Arcese waliwalinganisha nyumbu waliouawa na wanyama wala nyama, waliokufa kwa njaa, na walio hai. Waliouawa walikuwa katikati: wamekonda kuliko walio hai, lakini hawajafika hali ya waliokufa kwa njaa. Nyasi zikiwa chache, nyumbu huingia kwenye vichaka na majani marefu ambayo siku za neema angeyakwepa. Anakula vizuri kidogo na kujihatarisha zaidi. Sasa kifo hicho utamwandikia nani, simba au njaa? Mimi humwandikia njaa sehemu kubwa, ingawa najua wenzangu ambao hawakubali.

Tuingie kidogo kwenye namba, maana neno "msongamano", yaani wingi wa wanyama katika eneo lao, bila namba huwa kama lawama tu. Mwaka 1838 Mbelgiji Pierre François Verhulst aliandika kanuni rahisi: ongezeko la kundi hukatwa kulingana na sehemu ya nafasi iliyokwisha kujaa. Tubuni eneo linaloweza kulisha wanyama 1,000, na kundi ambalo likiwa na nafasi tele huongezeka kwa asilimia 20 kwa mwaka. Wakiwa 100, sehemu tisa kati ya kumi bado ziko wazi, na mwaka ule wanaongezeka 18. Wakiwa 500 wanaongezeka 50. Wakiwa 900, imebaki sehemu moja tu kati ya kumi, na wanaongezeka 18 tena. Wakifika 1,000, sifuri.

Zitazame 18 hizo mbili. Anayehesabu wanyama kwa miaka miwili tu hawezi kuzitofautisha, lakini ya kwanza ni kundi changa lenye shibe na ya pili ni kundi lililobanwa. Na ona kwamba ongezeko kubwa kuliko yote, wale 50, linatokea katikati. Utaikumbuka namba hiyo tutakapofika kwenye risasi.

Kanuni ya Verhulst ni nyoofu mno kwa wanyama halisi. Mwaka 1981 Charles Fowler alionyesha kwamba kwa wanyama wakubwa wanaoishi miaka mingi athari ya msongamano huchelewa. Kundi huongezeka karibu bila dalili yoyote hadi likaribie kilele, ndipo mambo hubadilika ghafla. Kwa msimamizi wa hifadhi hii ni habari mbaya, kwa sababu miaka ya furaha inakuwa mingi na ya onyo inakuwa michache.

Onyo lenyewe hata hivyo lina mpangilio, na anayeujua huliona mapema. Lee Eberhardt aliupanga mwaka 1977 na tafiti nyingi za baadaye zimemuunga mkono. Msongamano ukizidi, wa kwanza kulipa ni watoto: wanazaliwa kama kawaida lakini hawavuki mwaka. Baada yao, majike wachanga huchelewa kupata mimba ya kwanza kwa sababu miili yao haijafikia uzito unaotakiwa. Kisha majike wakubwa huanza kuruka mwaka bila kuzaa. Vifo vya wanyama wazima ndivyo huja mwisho. Mantiki yake haina huruma. Jike mzima ana miaka mingi ya kuzaa mbele yake, kwa hiyo mwili wake hupunguza maziwa ya ndama wa mwaka huu kabla haujahatarisha uhai wake mwenyewe. Tembo wa Murchison Falls nchini Uganda walipochunguzwa na Richard Laws miaka ya 1960, wakiwa wamebanwa sana, majike walichelewa kuzaa mara ya kwanza na pengo kati ya mtoto na mtoto lilirefuka. Kwenye kisiwa cha Rum huko Scotland, kulungu wekundu wa upande wa kaskazini waliachwa bila kuwindwa kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970. Majike walipozidi, watoto walikufa zaidi wakati wa baridi, majike wachanga walichelewa kuzaa, na madume wachanga ndio walioumia zaidi, maana dume hukua haraka na huhitaji chakula kingi.

Kwa hiyo swali lako la "majike si wanazaa kila mwaka?" lina jibu: ndiyo, wanazaa. Mimba za nyumbu hazikupungua sana hata idadi ilipojaa. Kinachopungua ni wanaofika mwaka unaofuata, na kwa nyumbu wa Serengeti hata wazima hulipa kiangazi kikiwa kibaya.

Je, njaa ya namna hii kila mara huishia kwenye usawa mtulivu? Hapana, na mfano wa kutisha zaidi uko mbali na kwetu, kwenye kisiwa cha St. Matthew katika Bahari ya Bering. Mwaka 1944, wakati wa vita, Walinzi wa Pwani wa Marekani walipeleka kulungu wa Aktiki 29 wawe akiba ya chakula kwa askari wa kituo kilichokuwa pale. Vita vikaisha, askari wakaondoka, kulungu wakabaki. Hapakuwa na mbwa mwitu wa kuwala wala mwindaji. Chini yao palikuwa na zulia nene la likeni, viumbe vidogo mfano wa mimea vinavyokua taratibu mno, ambavyo vilikuwa havijawahi kuliwa. Mtafiti David Klein alipofika mwaka 1957 alikuta kulungu 1,350, wanene ajabu. Mwaka 1963 walikuwa 6,000. Kwa mtu wa takwimu ni ushindi mtupu.

Ila Klein hakuhesabu vichwa tu. Aliwapima. Kati ya 1957 na 1963 uzito wa majike wazima ulikuwa umeshuka kwa asilimia 38 na wa madume kwa asilimia 43. Mwaka 1957 kila majike 100 walikuwa na ndama 75 na vijana wa mwaka mmoja 45. Mwaka 1963 ndama walikuwa 60 na vijana 26. Ona tena mpangilio ule: ndama wamepungua kidogo, waliovuka mwaka wamepungua karibu nusu. Kila dalili ilikuwepo, wakati grafu ya idadi bado inapanda. Majira ya baridi ya 1963 hadi 1964 yalikuja na theluji nyingi. Klein aliporudi mwaka 1966 alikuta mifupa imetapakaa na kulungu 42 walio hai, dume mmoja tu kati yao, bila ndama hata mmoja. Baadaye wakaisha kabisa.

Tofauti kati ya St. Matthew na Serengeti imo kwenye chakula chenyewe. Nyasi za nyika huchipua upya baada ya mvua, na nyumbu akila jani la mwaka huu hajaiba la mwaka ujao. Likeni ni fedha za benki zilizowekwa kwa karne nzima: kulungu walikuwa wanakula mtaji, na kwa kuwa mtaji ulikuwa mkubwa, waliishi kitajiri mpaka siku ya mwisho. Pale ambapo mlaji anaweza kuharibu chanzo chenyewe cha chakula, msongamano hauleti usawa. Unaleta kupanda kupita kiasi, kisha kuanguka.

Sasa, si kila mnyama husimamishwa na chakula. Ukubwa wa mwili una maana kubwa. Kati ya 1980 na 1987, kaskazini mwa Serengeti, simba, fisi na wenzao walipungua sana kwa sababu ya ujangili na sumu. Bila mtu yeyote kukusudia, likawa jaribio zuri la kisayansi. Taya, swala tomi, ngiri, nyamera na swala pala waliongezeka. Wanyama wala nyama waliporudi, wakapungua tena. Twiga hakubadilika. Sinclair, Mduma na Justin Brashares walipoyachambua hayo mwaka 2003 walionyesha kwamba mpaka uko karibu na kilo 150: walio chini yake huzuiwa zaidi na meno ya wengine, walio juu yake huzuiwa zaidi na chakula. Mdogo ana maadui wengi, kuanzia bweha hadi simba. Mkubwa kama tembo hana anayemweza akishakua.

Nyumbu mwenye kilo 150 hadi 250 yuko karibu na mpaka huo, na kinachomwokoa ni miguu. Simba ana eneo lake la kulinda na watoto wasioweza kusafiri, kwa hiyo hawezi kulifuata kundi mwaka mzima. Nyumbu wakiondoka, simba wa nyanda za kusini hubaki na njaa yao, na idadi ya simba hupimwa na miezi hiyo ya uhaba. Ndiyo maana nyumbu milioni moja na ushei wanaishi na simba wapatao elfu tatu bila kuzidiwa.

Wapo pia wanaosimamishwa na nafasi. Mwaka 1971 John Krebs aliwaondoa ndege wadogo aina ya Parus major kwenye maeneo yao ya kuzalia katika msitu mmoja wa Uingereza. Ndani ya muda mfupi nafasi zikajazwa na ndege waliotoka kwenye ua za mashamba ya jirani, ambako kuzaa kulikuwa kwa shida. Wengi walikuwepo, ila walikuwa wamefungiwa nje. Chakula msituni hakikuwa kimeisha. Milki ndiyo iliyokuwa imeisha. Na ugonjwa nao hupenda makundi yaliyobanana: viboko wanaosongamana kwenye madimbwi ya kiangazi huambukizana na kutumia maji yale yale, na kimeta kiliua mamia yao katika Hifadhi ya Queen Elizabeth nchini Uganda kuanzia mwaka 2004.

Nimeshasikia pingamizi linalofuata: "Lakini ni ukame ulioua 1993, na ukame hauhesabu vichwa." Pingamizi hili lina historia. Katikati ya miaka ya 1950 wanaikolojia waligawanyika kambi mbili, kina Andrewartha na Birch wakisema hali ya hewa ndiyo inayoamua, kina Nicholson na Lack wakisema msongamano. Mabishano yakawa makali kupita umuhimu wake. Jibu zuri zaidi lilikuja kutoka kwa kondoo. Mwaka 1932 kondoo 107 wa aina ya Soay walihamishiwa kisiwa cha Hirta, katika visiwa vya St Kilda, Scotland, wakaachwa huko bila mchungaji wala adui. Idadi yao imekuwa ikipanda na kushuka kati ya 600 na zaidi ya 2,000, na miaka mingine zaidi ya nusu hufa katika majira ya baridi moja tu. Tafiti zilionyesha kwamba dhoruba kali ikiwakuta wachache, wanene, huua wachache. Dhoruba ile ile ikiwakuta wengi, waliokwisha konda, huwafagia. Hali ya hewa hurusha jiwe. Msongamano huamua ni vichwa vingapi viko njiani. Ukame wa Tsavo wa 1970 na 1971 ulifanya vivyo hivyo kwa tembo. Takriban 6,000 walikufa, wengi wakiwa majike na watoto, waliokuwa hawawezi kwenda mbali na maji ilhali majani ya karibu na maji yalikuwa yamekwisha.

Nitaje haraka upande wa pili, ili usiondoke ukidhani uchache ni neema daima. Warder Allee alionyesha tangu miaka ya 1930 kwamba kundi likipungua mno, linaweza kudhoofika kwa sababu ya uchache wenyewe. Mbwa mwitu wa Afrika huwinda kwa ushirikiano na huacha walinzi wa watoto. Kundi la wawili watatu haliwezi yote mawili.

Turudi kwenye hofu yako kwamba uhifadhi umeshindwa. Idadi inaweza kusimama kwa sababu mbili zinazofanana kabisa kwenye grafu: kundi limejaa, au kundi linavunwa kwa kasi inayolingana na uzazi. Usiitazame grafu, mtazame mnyama. Kundi lililojaa lina miili myembamba kiangazi, uboho wa majimaji, ndama wachache wanaovuka mwaka, majike wanaochelewa kuzaa. Kundi linalovunwa kwa siri lina wanyama wanene, ndama tele, mama wadogo, na bado haliongezeki. Serengeti yako yote mawili kwa kiasi: makadirio ya miaka ya 1990 yalisema nyumbu kama 40,000 huchukuliwa na majangili kila mwaka. Kundi lilivumilia, kwa sababu sehemu ya waliochukuliwa wangekufa kiangazi na waliobaki walipata fungu kubwa zaidi. Uvumilivu huo una kikomo, na mbaya ni kwamba kikomo hakionekani mpaka umeshakipita.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kile kiwango chenyewe cha "kujaa". Watu hukizungumza kana kwamba kimechongwa kwenye jiwe. Kinategemea mvua, na kinategemea kama mnyama anaweza kufika penye mvua. Nyumbu wa Loita, upande wa Kenya, ambao huhama kivyao kati ya nyanda za Loita na Mara, walikuwa zaidi ya 100,000 mwishoni mwa miaka ya 1970. Nyanda zao za kuzalia ziligeuzwa mashamba ya ngano. Miaka 20 baadaye walikuwa wamebaki 20,000 na kidogo. Ukiangalia idadi tu utasema wamepungua. Ukiangalia nyanda zilizobaki utaona kwamba pengine wamejaa tena, ndani ya chombo kidogo zaidi. Kwa nyumbu wa Serengeti sehemu inayoamua ni Mara ya kiangazi. Ukiikata hiyo, unaweza kuulinda kila mti wa kusini na bado ukapoteza mamia ya maelfu.

Na risasi? Kwa nyumbu, sioni sababu. Nyasi zao hurudi kila mvua, na malisho yao yamefanya mema ambayo watu wachache wanayajua: nyasi zilipoliwa, kuni za moto wa nyika zilipungua, moto ukapungua, na miti ikaanza kurudi sehemu nyingi za Serengeti. Wapunguze nyumbu kwa nusu na utawasha tena moto huo.

Kwa eneo dogo lililozungushiwa uzio, ambako mnyama hana pa kwenda na mimea yake hukua polepole, siwezi kusema "kamwe." Lakini anayeamua kupunguza akumbuke wale 50. Ukishusha kundi kutoka 900 hadi 500, umelirudisha mahali linapoongezeka kwa wingi kuliko popote. Hifadhi ya Kruger, Afrika Kusini, iliua tembo zaidi ya 14,000 kati ya 1967 na 1994 ili idadi ibaki karibu na 7,000, na ililazimika kurudia kazi hiyo mwaka baada ya mwaka kwa sababu kila upunguzaji uliwapa waliobaki chakula cha kutosha kuzaa haraka. Kazi iliposimamishwa, walipanda. Hesabu ya 2015 ilipata zaidi ya 17,000. Njia ambayo hifadhi hiyo iliigeukia baadaye inanipendeza zaidi, ingawa matokeo yake huja polepole: kufunga mabwawa na visima vingi vilivyochimbwa zamani, ili umbali kati ya maji na majani urudi kuwa jinsi ulivyokuwa. Jike mwenye mtoto mdogo hulazimika kutembea mbali zaidi, watoto kadhaa hawafiki, na mimea iliyo mbali na mito hupumua. Ni vifo pia, na wageni hawapendi kuviona. Wenzako wanaotaka bunduki waulizwe kwanza kama wameshafungua njia za wanyama na kuangalia maji yako wapi, kisha ndipo waulizwe wako tayari kufyatua kila mwaka kwa muda gani.